Lori Nambari Kumi na Nne Lisipite Ijumaa

Simu ya ofisini ilipolia Jumatatu ile, Kamlai aliiacha iite mara tatu kabla ya kuinyanyua. Hakuwa na kazi nyingine mkononi. Alitaka tu kumaliza kuvuta pumzi.

Namba ya simu hiyo ilikuwa imepakwa kwa rangi nyekundu nyuma ya malori yote ishirini na mawili ya uwanja wa miwa alikofanya kazi, uliopeleka miwa ya wakulima kiwandani, chini ya maneno: NIKIENDESHA VIBAYA, PIGA. Na watu walipiga. Tangu kiwanda cha sukari kilipofungua msimu mwezi wa Desemba, walikuwa wamepiga wenye pikipiki waliosukumwa mtaroni, wauza kuku wa kuchoma ambao miamvuli yao ilibebwa na miwa inayoning'inia, hata daktari mmoja wa mifugo aliyefuatwa kilomita nane na honi mgongoni. Kamlai aliwajibu wote kwa sauti ileile: "Tumepokea, asante sana, tutashughulikia." Alikuwa amesema hivyo kwa misimu kumi na moja. Jioni alimsomea meneja malalamiko, meneja akaitikia kwa kichwa, na asubuhi malori yaleyale yakatoka na madereva walewale.

"Haloo, uwanja wa miwa."

"Dada Kamlai, ni mimi tena. Umeshachoka kunisikia?"

"Sijachoka na wewe, Mwalimu. Nimechoka na simu."

Mwalimu Samran alicheka kidogo. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya Nong Kradon, kijiji kilichokuwa katikati ya njia ya kwenda kiwandani. Hawakuwahi kuonana uso kwa uso. Walijuana kwa malalamiko tu, na katikati ya malalamiko hayo Kamlai alikuwa amejua kwamba mwalimu ana kisukari, na mwalimu alikuwa amejua kwamba Kamlai anaishi peke yake na kuku saba.

"Ni lile lenu la kumi na nne," alisema. "Leo limemwangusha mpishi wetu. Muwa umechomoka kule juu, ukampiga begani akiwa kwenye baiskeli. Bega limevunjika. Mboga zote barabarani, na yeye katikati ya mboga. Dereva hata hakupunguza mwendo."

Kamlai alifumba macho. "Pole sana, Mwalimu. Tume..."

"Usiniambie mmepokea, dada yangu, nakuomba. Nimekupigia mara kumi na saba kuhusu lori hilo moja. Madereva wenu wengine wakiona bendera ya shule wanakanyaga breki, hata kama ni kwa kuona haya. Huyu hapana. Sasa nisikilize. Ijumaa ni siku yetu ya michezo. Saa mbili na nusu asubuhi watoto wanatoka hekaluni na gwaride, bendi mbele, wanapita barabarani mpaka shuleni. Watoto mia moja na arobaini. Sikuombi umfukuze mtu. Sikuombi polisi. Nakuomba kitu kimoja tu. Ijumaa, mpaka saa nne, lori nambari kumi na nne lisipite hapa."

Ukutani mbele ya Kamlai funguo ishirini na mbili zilining'inia kwenye misumari. Yeye ndiye aliyezitoa asubuhi na kuzipokea madereva waliporudi. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, hiyo na simu.

"Halitapita," alisema.

Alipoweka simu chini alijishangaa. Miaka yote hiyo hakuwa amemwahidi mtu yeyote kitu chochote.

Meneja aliitwa Anuchit. Alikuwa mkwe wa mwenye uwanja, mtu wa shati safi, na watu wote walimpenda, kwa sababu hakuwahi kumkaripia mtu. Hata mbwa wa uwanjani walilala chini ya meza yake. Jioni ile alimsikiliza Kamlai, ambaye uwanjani wote walimwita Shangazi, huku akimenya ukwaju.

"Kumi na nne ni Bunloet," alisema. "Bunloet ndiye anayebeba safari nyingi kuliko wote, Shangazi. Miwa ikilala chini siku tatu inakauka. Ikikauka, wakulima wanakuja kunililia mimi, hawaendi kumlilia mwalimu."

"Mtu amevunjika bega, Bosi."

"Nimesikitika kweli. Tumpelekee kikapu cha matunda."

"Hafungi mnyororo. Ndiyo maana miwa inaanguka."

Anuchit alijua. Kila mtu pale uwanjani alijua. Kiwanda kilimpa kila dereva nambari ya foleni na saa yake ya kuingia getini. Ukichelewa, unarudishwa mkiani, unakaa nje ya geti mchana kutwa na pengine hata siku ya pili, na safari zako zinapungua. Kupitisha mnyororo juu ya shehena na kuukaza kulichukua robo saa. Kwa hiyo madereva walijifunza kutokufunga, na Bunloet alijifunza kuliko wote.

"Halafu kuna zile kadi," Kamlai aliendelea.

"Kadi zipi tena?"

Alijua kadi zipi. Ndani ya kila lori kulikuwa na kisanduku cha serikali ambacho dereva alikipitishia kadi ya leseni yake. Ukiendesha kwa muda wa saa nne bila kupumzika, kinapiga kelele. Bunloet alikuwa na kadi tatu: yake, ya shemeji yake, na ya mjomba wake Thongmuan, ambaye maiti yake ilichomwa moto hekaluni wakati wa mvua zilizopita. Kisanduku kikipiga kelele, anabadilisha kadi, kinanyamaza. Kwenye kompyuta ya ofisi, marehemu Thongmuan alikuwa ameendesha kwa muda wa saa kumi na moja siku ya Jumapili.

"Marehemu ana bidii," Anuchit alisema, akacheka. Kamlai hakucheka. Meneja akatema kokwa ya ukwaju kwenye kiganja, akaitazama. "Sawa. Sawa, Shangazi. Lori hilo lina kisirani, hata mimi nimeona. Alhamisi tuwaite watawa walibariki."

Hiyo ndiyo ilikuwa dawa yake. Kila lori lina bibi yake, roho ya kike inayolilinda, anakaa mbele kwenye boneti, na akiudhika, lori linaleta balaa. Kamlai mwenyewe aliamini hivyo; alimwekea bibi wa pikipiki yake maua kila mwezi. Lakini katika misimu kumi na moja alikuwa ameona malori manane yakibarikiwa na hakuwa ameona dereva hata mmoja akisimamishwa kazi. Bibi alilaumiwa, bibi akapewa maua, na dereva akapewa ufunguo.

"Na Ijumaa asubuhi? Nimemwahidi mwalimu."

"Umeahidi kwa ruhusa ya nani, Shangazi?" Alisema kwa upole kabisa, kama mtu anayeuliza njia. "Tutaona. Ijumaa bado mbali."

Alhamisi walikuja watawa tisa. Mkeka ulitandikwa kivulini, uzi mweupe ukazungushwa kwenye lori kutoka taa hadi taa, na shada la maua ya manjano likafungwa mbele. Madereva waliokuwa wakisubiri kupakiwa walikaa chini, miguu wameikunja pembeni kwa adabu, wakishukuru kupata kisingizio cha kukaa.

Mtawa mkuu alizunguka lori mara moja, akasoma nambari. "Hili tunalifahamu," alisema. "Jumamosi tulipokuwa tunapokea chakula kijijini lilitupita. Mwenzetu mmoja alirukia shamba la mihogo. Bakuli lake hatujalipata mpaka leo."

Anuchit aliunganisha viganja juu ya paji la uso. "Ndiyo maana tumewaita, Baba."

"Mngetuletea na bakuli."

Watu walicheka, na meneja akacheka kuliko wote, akamwagiza mtu aende sokoni mara moja kununua bakuli jipya, zuri, la bei yoyote. Kisha maombi yakaanza.

Bunloet alikaa mbele kabisa, kwa kuwa yeye ndiye aliyeliendesha lori lile. Alikuwa mtu mwembamba wa miaka thelathini na moja, shavu moja limejaa majani ya kratom aliyokuwa akiyatafuna ili usingizi usimshike. Viganja vyake vilikuwa vimeunganishwa kifuani. Dakika chache tu za sauti ile ya watawa, nzito, inayokwenda mbele bila kupumua, na kichwa chake kikaanza kushuka. Kikashuka, kikashuka, paji la uso likagusa mkeka. Akabaki hivyohivyo, makalio juu, viganja bado pamoja.

"Mwacheni!" dereva mmoja alinong'ona kwa nguvu. "Kashafika Nirvana! Kawatangulia watawa!"

"Muulizeni kama kule kuna foleni."

"Kule anaingia kwa kadi ya mjomba."

Hata watawa wawili walishindwa kujizuia. Kamlai, aliyekuwa nyuma na trei ya vikombe, alimtazama mtu yule akikoroma. Kwa miezi miwili, kila asubuhi akimwona mkono tu dirishani, alikuwa na picha kichwani ya dereva wa lori la kumi na nne, picha ya mtu mwenye kiburi. Aliyekuwa chini pale hakuwa na kiburi chochote. Shati lake lilikuwa limevaliwa ndani nje.

Watawa walipomaliza kula na kuondoka, alimpelekea wali wa kunata na kipande cha samaki.

"Umelala lini, Bunloet?"

"Si nilikuwa nalala sasa hivi, Shangazi, mkanichekelea."

"Nakuuliza kweli."

Alihesabu kwa vidole, akaacha. "Jumanne nililala kidogo. Getini kiwandani."

"Kesho usije kabla ya saa nne. Kuna gwaride la shule Nong Kradon."

"Foleni yangu ni saa tatu."

"Usije tu."

"Shangazi." Alilamba wali kwenye vidole. "Mwambie bosi aniambie hivyo. Wewe ukiniambia, yeye atanipigia. Akiniambia yeye, nitalala mpaka Jumapili, hata mkiniletea bendi nzima mlangoni. Mara ngapi nimemwomba siku moja? Ananiambia, safari moja tu, Bunloet, halafu upumzike. Nimeshaenda safari moja tu mara ngapi sijui."

Kamlai alikwenda kwa meneja. Meneja alikuwa kwenye simu na baba mkwe. Aliinua kiganja kumwambia subiri, Kamlai akasubiri, akaendelea kusubiri, na mwishowe meneja akapita mbele yake kuelekea gari lake, bado akiongea, akimpungia mkono na kutabasamu kama mtu aliyeshakubali kila kitu.

Ijumaa saa moja na nusu asubuhi lori nambari kumi na nne lilikuwa limesimama langoni tangu jana jioni, limepakiwa mpaka miwa ikawa inaegemea nje pande zote mbili. Mnyororo ulikuwa kwenye sanduku lake. Bunloet aliingiza mkono dirishani kwa Kamlai bila kutazama, kama alivyofanya kila siku, akisubiri ufunguo udondoke kwenye kiganja.

Haukudondoka.

"Shangazi?"

"Nenda kalale kwenye machela kule nyuma. Saa nne nitakuamsha mwenyewe."

"Shangazi, usinitanie. Nikikosa saa tatu narudishwa mkiani mpaka kesho."

"Sikutanii."

Bunloet alimpigia bosi. Anuchit alikuja kutoka nyumba ya nyuma, na malapa miguuni, povu la dawa ya meno kwenye kona ya mdomo. Alimsikiliza Bunloet, akamsikiliza Kamlai, akawatikisia kichwa wote wawili.

"Shangazi, jana tu tumelibariki. Watawa tisa. Bakuli jipya."

"Lori halina kisirani, Bosi. Dereva ndiye hajalala."

"Safari moja tu, halafu atapumzika. Si ndiyo, Bunloet? Na utapita pale shuleni polepole."

"Ndiyo, Bosi."

"Umeona? Amekubali." Na bila hasira, kama mtu anayemsaidia mama mzee kushusha kitu kwenye kabati, meneja alipitisha mkono juu ya bega la Kamlai, akautoa ufunguo msumarini, akampa dereva.

Kamlai angeweza kupiga kelele. Alilifikiria hilo, na kulifikiria tu kukamchosha. Angeweza kumpigia mwalimu na kumwambia nimeshindwa. Lakini watoto walikuwa tayari wameanza kupanga mistari hekaluni, na mwalimu angefanya nini, azuie lori kwa filimbi? Akavaa kofia yake ya majani. Akatoka nje, akazunguka mbele ya lori, akafungua mlango wa upande wa pili na kujivuta juu ngazi kwa ngazi, magoti yakilia.

"Unaenda wapi, Shangazi?" Anuchit aliuliza.

"Kiwandani. Miaka kumi na moja napeleka miwa na sijawahi kukiona."

"Na simu?"

"Ipokee wewe."

Barabara ilikuwa imenyooka, mashamba yaliyovunwa huku na huku, mengine yameungua na kuwa meusi. Kamlai hakuwahi kujua jinsi mtu anavyokuwa juu akiwa ndani ya lori. Pikipiki zilionekana kama wadudu. Watu hawakuwa na nyuso, walikuwa na kofia tu. Alielewa kitu, na hakufurahi kukielewa.

"Punguza," alisema.

"Nimepunguza."

"Punguza tena."

"Shangazi, nikipunguza zaidi ya hapa tutashuka tulisukume." Lakini alipunguza. Alitafuna majani yake. Kisanduku kilikuwa kikiwaka taa ya kijani.

"Leo anaendesha nani?"

"Shemeji. Mjomba amepumzika."

"Angalau mmoja wenu amepumzika."

Bunloet alicheka, kicheko kirefu kisichohitajika, cha mtu ambaye kichwa chake hakiko sawa. Kisha akanyamaza. Kamlai alimwongelesha. Alimuuliza habari za mke wake, akajibiwa. Alimuuliza wanalima nini, akajibiwa mpunga. Alimuuliza mpunga ulitoka vipi mwaka huu, akajibiwa, "Nang'oa kesho," jibu lisilo na maana. Akamfinya mkono.

"Niko macho!"

"Mpishi wa shule umemvunja bega Jumatatu. Ulijua?"

Aligeuka kumtazama, na lori likayumba. "Mpishi gani?"

"Angalia barabara! Muwa wako ulimpiga. Mwanamke mwenye baiskeli."

"Sikumwona," alisema. Akarudia, kwa sauti ndogo, "Sikumwona, Shangazi. Sikuona baiskeli yoyote Jumatatu. Jumatatu siikumbuki."

Kamlai alikuwa amepokea simu kumi na saba kuhusu mtu huyu na kuzisoma zote kwa sauti, na hakuna siku aliyomuuliza mwenyewe chochote.

Nguzo za hekalu la Nong Kradon zilionekana mbele, kisha bendera ndogondogo za rangi zilizotundikwa kwenye miti. Halafu akasikia ngoma. Tarumbeta zikafuata, moja ikiwa imepotea sauti kabisa na ikipulizwa kwa nguvu kuliko zote. Gwaride lilikuwa limeshatoka. Lilikuwa linakuja upande wao, limejaa nusu ya barabara na zaidi, msichana mrefu mwenye fimbo mbele, nyuma yake bango la shule lililobebwa na watoto wanne.

"Wale pale. Simama sasa, Bunloet."

Lori liliendelea.

"Bunloet. Simama."

Macho yake yalikuwa wazi. Yalikuwa yanatazama barabara, mikono iko kwenye usukani, na hakuwemo ndani ya macho hayo hata kidogo. Kamlai aliona nyuso sasa. Aliona msichana mwenye fimbo akipunguza hatua.

"Bunloet! Breki!"

Alimpiga kofi la shingo, kwa nguvu zote za mkono wake. Mguu wa Bunloet ukaruka, ukashuka. Lori lote lilipiga kelele. Nyuma yao shehena ilijiachia, miwa ikapita juu ya paa la kabini kama mvua ya mawe na kumwagika mbele, barabarani, rundo juu ya rundo. Kioo kikapasuka upande mmoja. Kisha kila kitu kikatulia, isipokuwa ile tarumbeta iliyopotea, ambayo ilichelewa kunyamaza.

Kati ya rundo la miwa na msichana mwenye fimbo kulikuwa na hatua kama thelathini.

Mwanamume mwenye filimbi shingoni alikuja mbio kutoka nyuma ya gwaride, akasimama mbele ya watoto, mikono ameitanua. Alitazama lori. Alitazama nambari. Halafu akatazama watoto wake wote mia moja na arobaini, kama anayewahesabu, akapuliza filimbi na kuwaonyesha upande wa kushoto wa barabara. Gwaride likaanza kupita.

Watoto wa kule wamefundishwa kulishukuru gari linalosimama kuwapisha. Msichana alipofika usawa wa kabini aliweka fimbo kwapani, akaunganisha viganja, akainamisha kichwa. Wabeba bango, kwa kuwa mikono yao ilikuwa na kazi, waliinamisha vichwa tu. Kisha mstari baada ya mstari, wengine wakitabasamu, wengine wakiokota vipande vya miwa na kuvificha ndani ya sare, walipita chini ya dirisha na kumshukuru dereva.

"Wananishukuru mimi," Bunloet alisema.

"Ndiyo."

"Nilikuwa nimelala, Shangazi."

"Najua."

"Macho yalikuwa wazi."

"Najua. Zima gari."

Alizima. Aliweka paji la uso kwenye usukani na mabega yakatikisika kidogo, na Kamlai alipomgeukia tena baada ya mstari wa mwisho kupita, alikuwa amelala, usingizi mzito, mikono bado imeshika usukani.

Kamlai alishuka polepole. Mwanamume mwenye filimbi alikuwa anamsubiri chini. Alikuwa mfupi kuliko sauti yake.

"Wewe ndiye Kamlai."

"Mimi, Mwalimu."

"Ulisema halitapita."

"Nilisema."

"Na limekuja."

"Limesimama, Mwalimu. Ndilo nililoweza."

Mwalimu Samran alipangusa uso kwa mkono wa shati. "Mwamshe. Nina maneno ya miezi miwili ya kumwambia mtu huyu."

"Mwache kwanza. Ukimwambia sasa hatasikia hata moja. Akiamka nitakaa hapa umwambie yote, na mimi uniambie yangu."

Mwalimu alipanda ngazi ya kabini, akachungulia. Akashuka. Akamtuma mwalimu mwenzake awaendeleze watoto na michezo, yeye akabaki.

Nusu saa baadaye malori matano yalikuwa yamekwama nyuma, yakipiga honi, na Anuchit akafika na gari lake dogo. Aliona miwa, akaona kioo, akaona watu wa kijiji wamekusanyika. Aliunganisha viganja kwa kila mtu, akitabasamu.

"Mwalimu, tusamehe sana. Bahati nzuri hakuna aliyeumia. Nitawaletea watoto soda, katoni kumi, za baridi..."

"Wewe ndiye unayeshughulikia?" mwalimu aliuliza.

"Samahani?"

"Miezi miwili nikipiga simu naambiwa mtashughulikia. Nimekuwa nikitaka kumwona huyo anayeshughulikia."

Tabasamu la Anuchit lilibaki usoni kidogo, halina pa kwenda. Akamgeukia Kamlai, akashusha sauti. "Shangazi, mwamshe. Tupakie haraka, nitaongea na kiwanda watupe saa tano. Safari moja hii tu."

"Mwamshe wewe, Bosi."

Hakusema kwa ukali. Hakuwa na nguvu za ukali. Basi Anuchit akapanda yeye, na shati lake safi, akafungua mlango, akanyoosha mkono kwenye bega la Bunloet. Mkono ulifika, ukasimama hapo juu ya bega bila kuligusa. Kutoka chini Kamlai hakuweza kuona alichokuwa anakitazama. Honi ziliendelea kulia. Alikaa hivyo kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kumwamsha mtu.

Aliposhuka alikuwa na vumbi la miwa mabegani. Alitoa simu.

"Uwanja wa miwa hapa," alisema. "La kumi na nne haliji leo. Hapana. Hapana, lori ni zima." Alisikiliza, akatazama lami. "Dereva amechoka. Dereva, nimesema. Hajalala."

Inaelekea kiwandani hawakumwelewa, maana alilazimika kurudia mara mbili. Kisha akakata.

"Na kesho?" Kamlai aliuliza.

Anuchit alifungua mdomo. Kamlai alilijua neno lililokuwa linakuja, alilijua kama anavyojua mlio wa simu yake. Lakini mwalimu alikuwa amesimama pale, na wanakijiji, na nyuma yao madereva watano walioshuka kuona kuna nini, na wote walikuwa wakimsikiliza.

"Kesho alale pia," meneja alisema. "Na zile kadi mbili zisizo zake, Shangazi, uniletee mezani. Mimi mwenyewe nitamwambia." Akapangusa vumbi la miwa begani. "Halafu tutaongea mimi na wewe. Umeacha ofisi."

"Sawa, Bosi."

Madereva walianza kusogeza miwa pembeni kwa mikono ili wenzao wapite, na baada ya kusitasita meneja naye akaokota mmoja. Kamlai hakumshukuru. Kutoka shuleni zilisikika kelele za watoto wakishangilia mbio za kwanza. Alivua viatu, akakaa kwenye majani makavu kando ya barabara, karibu na mwalimu, wakamsubiri mtu yule amalize usingizi wake.